Mwezi wa Siki na Tangawizi

Siku jasho lilipokoma, Bi. Saukam alifurahi. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza mbele ya daktari, wala mbele ya mwanawe, wala peke yake jikoni maji yalipokuwa yakichemka. Nasi wa jengo lile, tuliokula siki yake tukalamba vidole, hatukugundua kitu. Tulipita chini ya dirisha lililofungwa katikati ya mwezi wa saba, tukatazama juu, tukasema: mzazi yule ametunzwa.

Asubuhi hiyo aliingia chumbani na bakuli mkononi. Yukha, mkaza mwanawe, alikuwa chali chini ya mfarishi wa pamba, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi. Mtoto mchanga, ambaye bado walimwita Mui tu kwa kuwa jina lake lilisubiri sherehe ya kutimiza mwezi ambao mzazi hufungiwa ndani, alikuwa amelala pembeni, mashavu yake mekundu. Bi. Saukam akaweka bakuli, akapitisha kiganja chini ya shingo ya mzazi. Kwa siku kadhaa shingo ile ilikuwa ikitiririka hata mito ikabidi ianikwe. Leo ilikuwa kavu, na moto.

"Umekwisha," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kazi nzito. "Upepo umekwisha kutoka mwilini. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Mama, nasikia joto."

"Joto ndilo dawa yenyewe."

"Fungua dirisha kidogo tu. Nafasi ya kidole."

"Hapo pa kidole ndipo unapopitia. Mimi nilifunguliwa mlango mzima, hebu niangalie." Akanyoosha mikono yake mbele ya macho ya Yukha. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kwenda upande, kila kimoja na njia yake. "Unataka hii? Ukitaka, nitakufungulia."

Yukha alifungua kinywa, akalishwa.

Mikono ile haikuwa ya kutishia watu. Bi. Saukam alimzaa Wailung, mume wa Yukha, msimu wa mavuno, na kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka alikuwa amekwisha rudishwa shambani, maji ya mpunga yakimfika magotini. Mama mkwe wake mwenyewe hakumpa hata kipande cha tangawizi; alisema tangawizi ni ya wazazi wenye kazi nyepesi. Tangu hapo kila mvua ilipokaribia mji wetu wa Jiangmen, kusini mwa China, Bi. Saukam aliijua kabla ya redio. Alikuwa amejiapia kwamba mwanamke atakayemzalia mjukuu hatayajua maumivu yale. Tumbo la Yukha lilipoanza kuonekana, alishuka sokoni mwenyewe. Muuzaji alimsogezea tangawizi changa, nyeupe, yenye ncha za waridi.

"Hiyo mpelekee mtu anayekula bata," alimwambia. "Mimi nataka iliyozeeka. Yenye makunyanzi kama mimi na wewe."

Akarudi na gunia. Akaiparua tangawizi ile kwa ukingo wa kijiko, maganda akayaweka kando, akayaanika kwa ajili ya maji ya kumwogeshea mzazi. Akaiponda kwa bapa la kisu, akaikaanga kwenye karai kavu bila tone la mafuta hadi unyevu ukaisha na harufu ikashuka ngazi zote na kumfikia mlinzi getini. Kisha akaitia kwenye chungu pamoja na siki nyeusi tamu, akakichemsha, akakiacha kipumzike, akakichemsha tena, juma baada ya juma, hadi mtoto alipozaliwa na ikawa wakati wa kutia miguu ya nguruwe na mayai. Tangawizi ya kupasha tumbo na kusukuma damu mbaya, siki ya kulainisha mifupa, miguu ya kuleta maziwa. Jengo zima lilijua kwamba chungu kile kilipikwa kwa upendo. Kilikuwa kweli cha upendo.

*

Bakuli za kwanza ziligawiwa mtoto alipotimiza siku kumi na mbili, kama ilivyo ada, na ndivyo wengine walivyopata habari kwamba ni msichana. Bakuli la siki ya uzazi halirudishwi tupu. Atakayerudisha hutia yai, au mchele kiganja, au bahasha nyekundu. Bakuli tupu hupelekwa nyumba yenye msiba.

Bi. Choi wa ghorofa ya tano alirudisha lake likiwa na mayai manne, akasimama mlangoni kwa vile chumbani hakuingii mtu.

"Dada Kam, siki hii ingemwamsha maiti!"

"Acha utani wako na mtoto mchanga ndani."

"Sitanii. Mzee wangu amemaliza bakuli peke yake, sasa anashika kiuno, anasema naye anataka kujifungua."

"Mwambie ashike foleni."

Walicheka hadi mtoto akaamka. Bi. Choi akanyoosha shingo kuuelekea mlango wa chumba uliofungwa, na chini ya mlango taulo limesokotwa kuziba upenyo. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anatoka jasho kama bomba."

"Vizuri. Litoke. Wangu mimi, huyo mkwe nitakayempata, sijui kama atakubali. Wasichana wa siku hizi wanataka barafu wakiwa bado na kamba ya kitovu."

"Huyu anasikia," Bi. Saukam alisema kwa fahari. "Huyu hajawahi kunijibu."

Kiyoyozi kilikuwepo. Wailung alikinunua mwanzoni mwa mwaka, kabla hata hawajalipa kodi ya miezi mitatu, akakifunga mwenyewe ukutani. Alikuwa msafirishaji wa taa kutoka viwandani hadi madukani, akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu yenye mota, na mchana kutwa jua lilikuwa lake. Jioni alirudi, akasimama katikati ya chumba cha mkewe, shati limemgandia mgongoni.

"Mama, humu ndani unaweza kukaanga yai juu ya meza. Kiyoyozi kimekaa ukutani kama picha ya babu."

"Rimoti iko wapi?"

"Ndiyo nakuuliza mimi."

Bi. Saukam alipigapiga mfuko wa aproni yake. "Ukitaka baridi kalale kiwandani. Humu ndani kuna mzazi."

Wailung alicheka. Ilikuwa rahisi zaidi kucheka. Akamwinamia mkewe, akamnong'oneza, "Vumilia kidogo. Siku zenyewe zimebaki chache," kisha akatoka na kulala sebuleni, feni ikimgeukia usiku mzima. Yukha aliisikia feni ile kupitia ukutani. Hilo Wailung alikuja kuambiwa baadaye sana, na mkewe mwenyewe, kwa maneno yaliyochukua muda mrefu kutoka.

*

Sasa turudi kwenye ile siku ya shingo kavu. Mchana Bi. Saukam alichemsha maganda ya tangawizi, akachovya kitambaa, akaanza kumkanda mzazi miguu. Yukha alikuwa amefumba macho.

"Nimechelewa zamu," akasema ghafla. "Taa za mstari wa pili hazijafungwa waya."

"Unaota, mwanangu. Kiwandani kwenu umeaga, una likizo ya uzazi."

"Msimamizi amesimama pale."

"Pale kuna kabati."

Kisha Yukha akaanza kusema kwa lugha ya kwao, ya milima ya Guangxi, lugha ambayo Bi. Saukam hakuwahi kuisikia ikisemwa ndani ya nyumba yake. Aliielewa nusu tu. Alielewa kwamba aliyekuwa akiitwa mama hakuwa yeye. Aliona wivu kidogo, na wivu ule ukampotezea muda mwingine tena, kwa sababu alinyanyuka na kwenda kupasha bakuli la pili, akinung'unika kwamba mtu humlisha mtu kwa mkono wake na bado huitwa mgeni.

Aliporudi na kijiko, kilimgonga Yukha kwenye meno. Meno hayakufunguka. Siki ikamwagika kifuani, nyeusi, juu ya matiti yaliyojaa. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuangalia popote. Mkono wa kushoto ukaanza kuruka juu ya mfarishi, kisha mwili mzima, na kitanda kikagonga ukuta, na mtoto akalia.

"Wailung!" Bi. Saukam alipiga kelele kwenye simu. "Njoo! Mkeo anatetemeka, baridi imemwingia! Sijui imeingilia wapi, nimeziba kila mahali!"

Akaenda kukagua dirisha. Lilikuwa limefungwa, na karatasi ya gundi kwenye kingo zote.

Wanaume wawili wa ghorofa ya chini walipanda kusaidia. Walimbeba Yukha ndani ya mfarishi uleule, umefungwa kwa shuka mara mbili, kofia kichwani. Ngazi zilikuwa nyembamba na kila mlango ulikuwa wazi. Bi. Choi aliteremka mbio nyuma yao na taulo nene mkononi, akipaza sauti, "Kichwa! Mfunikeni kichwa, nje kuna upepo!" Mmoja wa wabebaji akasimama, akasubiri taulo lile lizungushwe vizuri. Sisi sote tulitazama kutoka milangoni. Hakuna aliyesema liache.

*

Muuguzi wa mapokezi hospitalini alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alishika ncha ya mfarishi na kuuvuta wote kwa mkono mmoja, kama mtu anavyovuta kitambaa cha meza.

"Nani amemfunga hivi?"

"Ni mzazi," Bi. Saukam akasema. "Bado hajatimiza mwezi."

"Naona ni mzazi. Nauliza nani amemfunga." Hakungoja jibu. "Leteni barafu! Shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Haraka!"

"Barafu?" Bi. Saukam akaweka mkono wake uliopinda juu ya tumbo la Yukha. "Dada, utamwua. Barafu kwa mzazi?"

"Mama, toa mkono."

"Nakuambia ni mzazi!"

"Wewe kijana, ndiye mumewe? Mtoe mama yako hapa."

Wailung, aliyewakuta hospitalini akitokea kazini, akamshika mama yake mabega. Hakuwahi kumshika hivyo, kwa nguvu, mbele ya watu. Akamrudisha hadi ukutani na kumwacha hapo, kisha akarudi kitandani bila kugeuka. Aproni ilikuwa bado kiunoni mwa Bi. Saukam, na rimoti ndani ya mfuko wake.

Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alikuja baadaye na kuuliza maswali huku akiandika. Chumba kilikuwa na dirisha? Lilifunguliwa? Alifunikwa na nini? Kisha akauliza, "Jasho lilikoma lini?"

"Asubuhi," Bi. Saukam akajibu.

"Lilipokoma mlifanya nini?"

Akatazama viatu vyake. "Nilimpa chakula."

Jioni, muuguzi yule mnene alipokwenda kunywa maji alimkuta Bi. Saukam bado amesimama ukutani palepale. Akamvutia kiti.

"Mwanangu," Bi. Saukam akasema, "niambie kweli. Ni tangawizi? Nilimzidishia?"

"Tangawizi haina kosa, mama. Mimi nimekula chungu kizima kwa kila mtoto, na mkwe wangu nitampikia vilevile. Ilinipasha tumbo, ikanirudishia hamu ya kula. Ni joto la chumba. Ni ule mfarishi, na dirisha. Jasho lilipokoma, mwili ulikuwa umeshindwa kujipoza."

Bi. Saukam alikuwa tayari kupokea lawama ya tangawizi. Tangawizi ni kitu mtu hupima. Mkono huweza kuteleza, mtu akazidisha vipande vitatu, wenzake wakamsamehe. Dirisha halikuwa kipimo. Liliombwa, tena kwa adabu, nafasi ya kidole, na mtu mmoja akakataa.

*

Mama yake Yukha, Bi. Ngan, alifika kwa basi kutoka Guangxi akiwa na begi la plastiki lenye milia. Alikuwa mwanamke mdogo, mweusi wa jua, mwenye haya mbele ya watu wa mjini. Alipoelezwa hakulia wala hakupiga kelele kama Bi. Saukam alivyokuwa amejiandaa kuona. Alikaa kwenye benchi la ukumbi alilokalia Bi. Saukam, mwisho wa pili, begi katikati yao.

"Alinipigia simu," akasema.

Bi. Saukam akageuka kumwangalia.

"Akaniambia, mama, humu ndani nashindwa kupumua. Nikamwambia, huko ndiko ulikoolewa, fuata ya huko. Nikamwambia mama mkwe wako anakupenda kuliko nilivyopendwa mimi." Akafungua zipu ya begi, akaangalia ndani, akaifunga. "Nilimletea hii. Tangawizi ya shambani kwetu. Nimeiparua mwenyewe, nikaikausha juu ya moto."

Harufu ilikuwa imekwisha kutoka. Wote wawili walikaa nayo. Bi. Ngan aliposimama kwenda kumwona bintiye, aliliacha begi pale benchini, na kesho yake mfagiaji akaliondoa.

Bi. Saukam alirudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Mlangoni pake, ghorofa ya tatu, sakafuni, alikuta bakuli zake. Zilikuwa zimeoshwa vizuri, zimepangwa moja juu ya nyingine, zote zile ambazo hazikuwa zimerudishwa bado. Hakuna aliyebisha hodi wakati wa kuziacha. Aliinama na kuziangalia moja baada ya moja, akitafuta yai, au punje za mchele. Zilikuwa tupu.

Lakini Yukha hakuwa amekufa. Bi. Saukam akazibeba bakuli ndani, akaketi nazo mapajani, akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu, "Hajafa. Mbona mmeniletea hivi? Hajafa."

*

Yukha aliruhusiwa kurudi miti ilipoanza kupukutika. Aliweza kutembea akishika ukuta. Ulimi ulikuwa mzito na mikono ilitetemeka, zaidi pale alipotaka kushika kitu kidogo. Kiwanda kilimrudishia vitu vyake ndani ya mfuko wa nailoni: kikombe, viatu vya kazini, koleo ndogo ya waya. Maziwa yalikuwa yamekauka. Mui, ambaye sherehe yake ya mwezi haikufanyika, alizoea chupa, na alipopewa mama yake amshike ilibidi mtu mwingine aweke mikono chini.

Siku ya kwanza, Bi. Saukam alipika samaki kwa mvuke. Alitia kitunguu cha majani na mchuzi wa soya, akampasulia nyama, akaondoa miiba, akamlisha. Yukha alitafuna polepole.

"Ina... shombo," akasema.

"Kula tu, mwanangu."

"Tanga... wizi. Imekwisha?"

Bi. Saukam akaondoa mwiba mwingine. Wailung aliinua macho kutoka bakuli lake, akamtazama mama yake kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, akarudi kula. Hakukuwa na kipande cha tangawizi jikoni mle. Chungu alikuwa amekitoa nje mlangoni, na mtu akakichukua.

Yukha hakuuliza tena. Alichotaka ni rimoti tu. Wailung aliifunga kwa uzi kwenye ukingo wa kitanda upande wake, ingawa wakati huo ilikuwa baridi na kiyoyozi hakikuwa na kazi. Baadhi ya jioni angeishika kwa mikono yote miwili, aibonyeze, na chumba kipoe hadi wote wavae makoti. Hakuna aliyemwambia azime.

*

Kiangazi kilichofuata mkaza mwana wa Bi. Choi alijifungua mvulana. Harufu ya tangawizi kavu ilishuka ngazi kama kawaida, tukaanza kutaniana kuhusu bakuli. Bi. Saukam alikuwa uani akianua nepi za Mui alipotazama juu, akaona dirisha la ghorofa ya tano. Limefungwa. Kingo zake zilikuwa na karatasi ya gundi.

Alipanda. Vifundo vya magoti vilimlazimu apumzike kila ghorofa. Alipobisha, mlango ulifunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu, na jicho la Bi. Choi likaonekana.

"Dada Kam. Samahani, leo hatupokei wageni."

"Sikuja kama mgeni. Fungua dirisha."

"Umesikia anavyotokwa jasho? Anaendelea vizuri kabisa."

"Nasema fungua dirisha. Tangawizi mpe, siki mpe, mpe chungu kizima. Fungua dirisha."

"Dada," Bi. Choi akateremsha sauti, "unajua nakuheshimu. Lakini wewe, kwa mambo haya... Watu watasema nini wakikuona umesimama hapa mlangoni? Nina mtoto mchanga ndani."

"Likikoma je?"

"Nini?"

"Jasho. Likikoma utafanya nini?"

Uso wa Bi. Choi ukaonyesha kwamba hakuwa amelifikiria. Bi. Saukam aliuona uso ule, akaujua.

"Mimi nilifurahi," akasema.

Mlango ukafungwa, taratibu, bila kishindo. Akateremka.

Kesho yake asubuhi karatasi ya gundi ilikuwa imebanduliwa, na dirisha la ghorofa ya tano lilikuwa wazi upana wa kiganja. Tangu wakati ule, katika jengo letu, mzazi akiwekwa ndani, dirisha huachwa wazi upana huo, na hakuna anayetaja ilianzaje. Bakuli za siki hugawiwa kila mlango, kuanzia chini hadi juu, isipokuwa mlango mmoja wa ghorofa ya tatu.